Jina la Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Septemba. Kasese

Mvua imetangulia, buti zimechelewa. Kutwa nzima nimesimama kando ya reli na viatu vyangu vya Jumapili, bendera nyekundu mkono huu, ya kijani mkono ule, filimbi shingoni kama refa wa mpira. Kazi yangu ni kuangalia. Wanaume wanainama kung'oa mataruma ya zamani na kumwaga kokoto mpya, mimi naangalia kinachokuja: behewa la kokoto, kiberenge cha mainjinia, ng'ombe, vijana wa bodaboda wanaokatiza kama njia ni ya baba yao. Kikija kitu napuliza, wanatoka. Ukiisema ni nyepesi.

Reli hii ililala tangu mimi niko msichana kule Butembo, ng'ambo ya mpaka. Watu wamepanda mihogo katikati yake na kuanika kahawa juu ya chuma. Sasa kampuni imekuja kuiamsha.

Kazi nilitafutiwa na Baba Mkwe. Yeye ni mtu wa reli wa zamani, alianzia hapa ujanani mwake, akafanya kazi hadi treni zilipokoma. Walipomwita tena, akawaambia kwamba nyumbani kwake Bwera yuko mjane wa mwanawe, ana macho mazuri na hasinzii. Mimi hakuniambia. Alimwambia mke wake, Mama Kahambu, nami niko jikoni nasikia kila neno: "Mwambie huyo binti afungashe nguo."

Ndivyo tunavyozungumza, mimi na yeye. Wakonzo wa huku na sisi Wanande wa kule ni watu wa mlima mmoja, mpaka umepita katikati tu. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hali chakula naye. Na jina lake halitamki, hata nyumba ikiungua. Ndiyo maana hata hapa sitaliandika. Kalamu nayo ni mdomo.

Alhamisi, 5 Septemba

Buti zimekuja. Zote za miguu ya kiume. Nimejaza matambara mbele, natembea kama bata.

Jumapili, 8 Septemba. Bwera

Nimekuja kumwona Gorret. Amepungukiwa jino moja na ameongeza maneno mengi. Baada ya misa tumekula bundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake jikoni, mimi, yeye na Mama Kahambu, huku Baba Mkwe akila peke yake barazani.

Nikimwangalia mtoto huyu nakumbuka niko wapi. David, baba yake, watu wenye bunduki waliniulia kwenye barabara ya Beni pamoja na mzigo wake wa vitenge. Kwetu Butembo hakuna aliyebaki wa kunipokea. Nimebaki na nyumba hii moja, na nyumba hii si yangu. Na Gorret ni mtoto wa ukoo wao. Wakiniambia leo "mama, asante, nenda", nitaondoka na begi langu tu. Mtoto atabaki.

Mama Kahambu hajawahi kunitishia. Lakini mgeni anayejua ni mgeni hahitaji kukumbushwa.

Jumanne, 17 Septemba. Kasese

Nyapara wetu ni Muniru, mtu mfupi mwenye sauti ya mnada. Kila asubuhi anatupanga mstari na kuita majina, mmoja mmoja, na kila mtu lazima aitike mwenyewe "Niko!" Ukimwitikia rafiki yako, wote wawili mnarudi nyumbani. Leo kijana mmoja aliuliza kwa nini tupoteze wakati namna hii.

"Sababu sitaki kuzika mutu aliyeitikiwa na rafiki yake," alisema Muniru. "Iko swali ingine?"

Kijana akarudi mstarini.

Baba Mkwe yuko kwenye kundi langu. Kwa kuwa hawezi kusema nami, anasema na sepetu yake. Leo nilikuwa nimesimama chini ya mti kukwepa jua, nikamsikia nyuma yangu: "Sepetu yangu wee, mtu wa bendera hasimami kivulini. Dereva anayetoka juani haoni kitu kivulini." Nikasogea. Baadaye: "Sepetu, filimbi inapulizwa mapema, si mpaka mtu aone meno ya mashine." Wanaume wanamdhani kichaa. Mimi nacheka ndani ya kofia. Baba yangu mzazi hakuwahi kunifundisha kitu kwa upole kama huu.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua. Posho na maharage. Mvua.

Jumanne, 1 Oktoba

Niandike polepole.

Behewa la kokoto lilikuwa limeachwa juu kwenye mteremko, limekingwa kwa gogo chini ya gurudumu. Mvua ya jana ilikuwa imelainisha udongo, gogo likateleza. Behewa likaanza kushuka bila injini, bila honi, na katika mvua huwezi kulisikia. Niliona tu kwamba kile kilichokuwa kidogo kimekuwa kikubwa.

Nilipuliza filimbi mpaka masikio yakaziba. Wanaume wakaruka huku na huku, isipokuwa mmoja. Alikuwa amepiga magoti katikati ya reli akikaza nati, kofia ya koti la mvua imemfunika masikio. Na filimbi kwake ilikuwa kelele ya kawaida, maana kutwa nzima napulizia bodaboda.

Nikapiga ukelele, "Baba!" Kila mwanaume pale ni baba ya mtu. Nikaita, "Kule!", jina alilopewa kwa zamu yake ya kuzaliwa. Kila nyumba ya Wakonzo ina Kule wake. Waligeuka wanaume watatu, wote wako salama pembeni. Yeye aliendelea kukaza nati. Labda alidhani anaitwa mwingine, huwa anaitwa mwingine.

Basi nikaita lile lingine. Lile lake peke yake.

Aliruka. Hakutazama nyuma wala hakuuliza, aliruka tu kama mtoto aliyeitwa na mama yake, akaangukia mtaroni kifudifudi. Behewa likapita. Spana yake tuliikuta imepindwa kama kijiko.

Kisha mtu mmoja akacheka, unajua kile kicheko cha hofu, na wengine wakafuata. Baba Mkwe akainuka, tope mpaka kifuani, akanitazama. Tangu niolewe hajawahi kunitazama usoni. Nilitegemea hasira, na afadhali ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akaokota spana yake, akaondoka.

Jioni nilimpigia simu Mama Kahambu kabla hajasikia kwa wengine.

"Ulimwita?"

"Nilimwita, Mama."

"Jina lote?"

"Lote."

"Lakini iko muzima?"

"Yuko mzima."

"Basi tulia. Shida haina adabu. Utaleta mbuzi na kuku, atatema maji kifuani mwako, itaisha. Iko na dawa yake, hiyo."

Nimelia kwa furaha. Yuko hai na kuna dawa. Nitake nini tena?

Ijumaa, 4 Oktoba

Wanamdhihaki. Kila akipita, mjinga mmoja anabana sauti kama ya mwanamke na kuita jina lake, kwa namna nilivyoita mimi, na wengine wanaruka mtaroni wakicheka. Muniru anawafokea, hawasikii. Baba Mkwe ananyamaza. Haongei tena na sepetu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo amekuja kutoka Kampala Madam Musimenta, bibi wa usalama wa kampuni, na kofia nyeupe isiyo na doa. Alinikumbatia! Anasema mimi nimechaguliwa Mfanyakazi wa Uangalifu wa msimu huu, nitapewa cheti na godoro mbele ya watu. Anasema watu wa reli husifiwa wakishakufa, yeye anataka wasifiwe wangali hai. Ni mtu mwema. Niseme hivyo mapema, maana ubaya wote uliofuata ulitoka kwenye wema wake.

Akatoa simu. "Dada Marlène, simama pale ulipokuwa. Uite kama ulivyoita. Tutawaonyesha wafanyakazi wa sehemu nyingine, wajifunze."

Nilimwambia siwezi. Akauliza kwa nini. Nikaeleza, kwa sauti ya chini, mambo ya ukwe. Alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa huruma. "Naelewa kabisa. Lakini fikiria maisha utakayookoa. Na wewe uko kwenye kandarasi ya muda, siyo? Tukiona moyo wako, tunaweza kukuajiri kabisa."

Muniru alikuwa anatazama viatu vyake.

Niliita. Nikainua bendera, nikafungua mdomo wangu huu, nikaita jina la baba ya David mbele ya simu, hakuna behewa, hakuna mvua, hakuna mtu wa kuokoa. "Vizuri sana," Madam alisema. "Mara moja tena, kwa sauti zaidi." Nikarudia!

Mdomo uliponza kichwa. Ule wa kwanza ulikuwa shida. Huu wa leo ulikuwa nini?

Jumapili, 13 Oktoba. Bwera

Video ilifika kabla yangu. Nimeshuka garini, msichana anayeuza chapati akaliita jina lile akacheka, hata hajui linanihusu vipi.

Getini nilimkuta mzee Thembo, mdogo wake Baba Mkwe, amekalia kiti katikati ya njia. Hakunikaribisha.

"Mara ya kwanza uliita kwa sababu ya kifo," alisema. "Tulikuwa tayari kupokea mbuzi yako. Mara ya pili uliita kwa sababu ya godoro."

"Baba mdogo, waliniambia..."

"Najua walikuambia. Kaka yangu anaitwa na watoto barabarani kama mbwa. Hakuna mwanaukoo atakayekula mbuzi hiyo mpaka yeye mwenyewe aseme. Na yeye hasemi kitu. Mpaka aseme, wewe usikanyage hapa."

"Na Gorret?"

"Gorret yuko kwao."

Nilimwona mwanangu kupitia ua, akipepeta maharage na bibi yake. Alinipungia ungo. Mama Kahambu akamgeuza taratibu kwa bega. Alikuwa analia, nilimwona.

Nimerudi Kasese kwa gari lile lile nililokuja nalo. Eh Mungu, mimi nimemuua nani?

Jumatano, 16 Oktoba. Kasese

Asubuhi Muniru ameita majina. La Baba Mkwe hakuliita. Nikadhani anaumwa. Kumbe ameomba kuhamishwa kwenye kundi la ng'ambo ya mto, wale wanaokata ukingo wa mlima ili reli ipate nafasi.

"Ng'ambo hakuna mtu wa bendera," nilisema.

"Hakuna. Nimemwambia. Mzee amejibu nini? Amesema iko vizuri, hakuna mutu wa kumwita."

Jumapili, 20 Oktoba. Mpondwe

Mama Kahambu ameniletea Gorret sokoni kwa siri, kati ya wauza vitunguu. Nimemsuka nywele pale pale juu ya gunia. Nimesuka polepole makusudi, mistari myembamba myembamba, ili wakati usiishe.

"Mama, ulimtukana babu?"

"Hapana. Nilimwita."

"Mimi namwita kila siku."

"Wewe ni damu yake," nilimwambia. Akakubali. Watoto wanakubali vitu vigumu kuliko sisi.

Mama Kahambu anasema mzee akirudi nyumbani halali, hali, anakaa tu. Amemuuliza mara mbili: nimlete binti? Hajibu ndiyo, hajibu hapana. "Kama angesema hapana ningepigana naye," anasema. "Lakini utapigana vipi na mutu amenyamaza?"

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Mto umebadilika rangi, unaleta miti mizima kutoka juu upande wa Maliba. Nimeuliza hali ya ng'ambo. Wanasema kazi inaendelea.

Jumatatu, 28 Oktoba

Saa ya chakula nilivuka daraja kwenda ng'ambo. Sikuvumilia.

Ukingo wenyewe unatisha. Wameukata wima kama mkate, na juu yake ardhi imefanya ufa ninaoweza kupitisha mguu. Maji yanaingia humo. Chini yake, watu wanakula posho.

Alikuwa amekaa peke yake juu ya rundo la mataruma. Nikasimama mbali, nikampa mgongo kama inavyotakiwa, nikaongea na bendera yangu.

"Bendera yangu, huo udongo umepasuka juu. Bendera, mtu aliyenifundisha kazi asingekaa chini yake. Bendera, mimi nimekosa, nimekosa mara mbili, na ya pili haina udhuru. Mtu achukue mbuzi au asichukue, anifukuze au asinifukuze, lakini atoke hapo chini."

Nilisikia kijiko kikigonga sahani. Mwishowe akajibu, na sauti yake nilikuwa sijaisikia tangu mwezi uliopita.

"Sepetu, mwambie bendera arudi kwenye lindo lake. Ameacha watu wake bila macho."

Ilikuwa kweli. Nikakimbia kurudi. Njiani nikalia kwa hasira: hata akinifukuza ananifundisha, mzee huyu mwenye kichwa cha jiwe!

Nimemwambia Muniru habari za ufa. Amesema kundi la ng'ambo si lake, lakini atamwambia injinia. Injinia amesema wataangalia.

Jumapili, 3 Novemba

Sikwenda Bwera. Hakuna wa kunipokea, na Mama Kahambu anaumwa mgongo, hawezi kufika sokoni.

Wametundika bango getini kwa kampuni. Mimi na mdomo wazi, bendera juu, na jina lake limeandikwa chini kwa herufi kubwa nyekundu kama tangazo la sabuni. Sherehe itakuwa Ijumaa ya tarehe kumi na tano. Madam Musimenta amepiga simu, furaha tele: amepata wazo. Anataka Baba Mkwe mwenyewe anikabidhi cheti, tushikane mikono, tupigwe picha. "Itagusa mioyo," anasema.

Nimemwambia nitajiua kwanza. Akacheka, alidhani natania.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Ufa bado uko vile vile, Muniru anasema. Wameweka utepe mwekundu. Utepe!

Jumapili, 10 Novemba. Hospitalini

Anaishi. Mguu wa kulia haupo. Nimeandika hayo kwanza ili nikishindwa katikati, angalau yawe yameshaandikwa.

Ijumaa mchana tulisikia mlio, si mkubwa, kama lori linalomwaga mchanga. Muniru alinyoosha kichwa. Nikatazama ng'ambo na ukingo haukuwepo. Palikuwa na mteremko mpya wa tope unaotoa mvuke mpaka mtoni.

Nilitaka kukimbia. Miguu ikaanza, kisha nikasikia sauti yake: ameacha watu wake bila macho. Nikapuliza filimbi, nikainua nyekundu, nikasimamisha kila kitu, nikahesabu kundi langu lote limetoka relini. Ndipo nikampa Muniru bendera.

"Twende wote," akasema, na kundi zima likatufuata.

Ng'ambo watu walikuwa wanakimbizana bila mpango. Muniru akawapanga kwa sauti yake ile ya mnada, akaita majina. Niko. Niko. Niko, mmoja analia. Wote waliitika isipokuwa Baba Mkwe. Muniru akaita mara ya pili. Hakuna.

Walikuwa wameona kofia yake karibu na maji, wakaanza kuchimba pale. Wanachimba kwa sepetu, kwa mikono, jenereta linanguruma, mashine ya kuchimbua inanguruma, kila mtu anaamuru. Mimi nikatazama lile rundo la mataruma alipokaa siku ile. Halikuwa chini kwenye kofia. Ncha zake zilikuwa zimetokeza juu, pembeni kabisa. Kofia ni nyepesi, tope huibeba. Mtu habebwi hivyo.

"Zimeni mashine!" nikapiga kelele. Hakuna aliyenisikia. Muniru akanitazama, akaenda akazima jenereta mwenyewe, akampiga dereva wa mashine makofi ya uso kupitia dirishani mpaka naye akazima.

"Ita wewe," Muniru akaniambia.

"Umeshaita wewe."

"Mimi niliita na kelele iko. Ita, mama. Wewe ndiye alikusikia."

Wanaume wote walisimama. Wale wale waliokuwa wanabana sauti kumdhihaki, wamevua kofia, mvua inawapiga vichwani. Hakuna aliyecheka.

Niliita. Kimya. Nikaita tena, nikaweka "Baba" mbele yake, nikapiga magoti nikaita nikiwa nimelaza shavu kwenye tope. Sikuwa na aibu tena, sikuwa na ukoo, sikuwa na mbuzi. Nilikuwa na jina lile tu, nikaliita na kuliita mpaka sauti ikapasuka.

Na kutoka upande wa mataruma, chini, ikaja sauti ya mtu anayeongea na blanketi mdomoni.

"Niko."

Tulimchimba kwa mikono. Mataruma mawili yalikuwa yameegemeana juu ya kifua chake, yakamwachia hewa. La tatu lilikuwa limelala juu ya mguu.

Mimi ndiye niliyepanda naye gari, kwa sababu hakukuwa na ndugu mwingine Kasese. Hospitalini karani alikuwa na kalamu mkononi.

"Jina la mgonjwa?"

Huwezi kuamini. Baada ya yote yale, mbele ya meza ile, mdomo ulijifunga. Tope bado lilikuwa masikioni mwangu na mdomo ulijifunga wenyewe, adabu ya miaka yote. Karani akauliza tena, kwa ukali. Bila jina hakuna faili, bila faili hakuna daktari. Nikatazama sakafu.

Kutoka kwenye machela nikasikia, kidogo sana: "Mwambie."

Nikageuka. Alikuwa ananitazama usoni. Midomo myeupe, meno yanagongana.

"Hapo chini nilidhani nimeshakufa," alisema. Hakusema na sepetu wala na mke wake. Alisema nami. "Halafu nikasikia mtu ananikosea adabu. Nikajua bado niko hai." Akafumba macho. "Mwambie jina, mwanangu. Unalijua kuliko wote."

"Syahuka," nilisema. "Anaitwa Syahuka."

Karani akaandika. Na mimi leo nimeandika.

Wakampeleka chumba cha upasuaji. Jioni ile alikuja Madam Musimenta, kofia nyeupe mkononi, macho mekundu. Alikaa karibu nami. Sherehe imefutwa. Msimu umeingiwa na ajali, na msimu wenye ajali hautolewi tuzo, hiyo ndiyo sheria ya kampuni. Bango limeshushwa. Alitaka nisikie kwake. Nilimwambia sawa. Nikamwomba aifute ile video. Akaifuta mbele yangu, kisha akanishika mkono akasema hakujua. Nikajibu kwamba nilimwambia, akainamisha kichwa. Sikumchukia. Nilimwomba tu aweke mtu wa bendera ng'ambo, kesho, si kesho kutwa.

Baada yake wakafika watu wa Bwera: Mama Kahambu akiwa ameshika mgongo, Gorret amebebwa, mzee Thembo na wajomba wawili. Wanaume wakachukua benchi lililo mlangoni kabisa pa chumba cha upasuaji. Mimi nikasogea mwisho wa ukumbi, karibu na ndoo za maji, mahali pangu. Gorret alitaka kuja kwangu. Mzee Thembo akamshika mkono, si kwa nguvu, lakini akamshika.

Tukangoja hivyo, wao kule, mimi huku.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akatoka na koti lenye damu, akatazama karatasi yake.

"Syahuka! Watu wa Syahuka ni nani? Ameamka, anataka mtu wake."

Mzee Thembo alianza kuinuka. Mimi nilikuwa nimeshasimama, mbali kule, na buti zangu za kiume zilizojaa tope.

"Niko," nikasema.

Mzee Thembo alinitazama. Kisha akauachia mkono wa mtoto, akavuta miguu yake chini ya benchi ili nipite.